Hisa Zangu kwa Jina la Nesi

Mimi sijui kuzunguka maneno, kwa hiyo nianze kwa kukiri. Nilimwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa mali iliyokuwa yangu. Si yake, yangu, niliyoipata kwa kuuza mabuti ya mpira na tochi za kichwani kwa wachimbaji wa Nyamongo. Na bado nilimwonea wivu hadi chakula kikawa hakipiti kooni.

Duka langu liko Nyamongo, kwenye barabara ambayo bodaboda haziishi. Nyumbani ni Nkende, Tarime mjini, kwa hiyo naenda asubuhi na kurudi jioni. Mume wangu na wenzake watatu walikuwa na duara Nyakunguru, yaani shimo lao la kuchimbia dhahabu. Lile duara lilikuwa na njaa. Lilikula mbuzi, likala pikipiki, likala kiwanja tulichotaka kujenga vyumba vya kupangisha. Kila wiki mume wangu aliniambia dhahabu imebaki futi tatu tu. Si mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na mimi nina mdomo, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Lakini akiiona shilingi, haiponi.

Niliposikia redioni kwamba hisa za benki fulani kubwa zinaleta gawio kila mwaka, nilitamani sana. Tatizo lilikuwa simu. Namba yangu ya siri aliijua, kama nilivyoijua yake. Gawio la kwanza likiingia kwenye simu yangu lingeshuka shimoni siku hiyohiyo, na hisa zenyewe zingefuata.

Basi nikafanya jambo ambalo Mkurya yeyote angelifanya. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki wa mbali, ili wezi wakija, au ugonjwa ukiingia, asimalizike. Rafiki anachunga na kukamua. Maziwa ni yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi hata moja. Babu yangu alikuwa na ng'ombe katika maboma sita na hakuwahi kushika kalamu. Mimi nikaona hisa na ng'ombe ni kitu kimoja.

Rafiki niliyemchagua alikuwa jirani yetu wa Nkende, nesi aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba, mtu mpole anayeongea kama anaomba radhi. Nilimpa fedha niliyoiweka miaka mitatu chini ya maboksi ya tochi. Akafungua akaunti ya hisa kwa jina lake, akanunua kwa dalali wa Mwanza, akaja kunionyesha karatasi.

"Dada, gawio likiingia nikuleteeje bila shemeji kujua?" akauliza.

"Usilete. Hayo ni maziwa. Mchungaji ndiye anakunywa."

"Yaani nile tu?"

"Ule, umalize. Hisa zenyewe ndiyo ng'ombe, na hizo ni zangu. Ila usimwambie mtu."

Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Siku ile nilijiona tajiri, mtu wa kuwagawia wengine maziwa.

Gawio la kwanza lilikuwa dogo. Alinunua mapazia. Nilipoingia kwake na kuyaona nilisema mazuri, na kweli yalikuwa mazuri, lakini nilivyorudi nyumbani niliyatazama ya kwangu na kuona yamefubaa. La pili lilinona. Akaweka tangi la maji, lile jeusi kubwa, juu ya mnara wa matofali, likawa linaonekana hata kwenye dirisha la chumba changu. Nikiamka, tangi. Nikienda kulala, tangi. Maji ya Nkende yakikatika nilichota kwake, na yeye mwenyewe alinifungulia bomba na kunishikia ndoo. Ningependa angalau awe na kiburi. Hakuwa nacho, na hilo lilinichoma zaidi.

Kisha akaalikwa Dar es Salaam kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Akapiga kura, akala chakula hotelini, akarudi na kofia, fulana na mwavuli wenye nembo ya benki. Mwavuli akaniletea zawadi. Niliuweka nyuma ya kabati na sikuufungua hata masika. Mtu aliyepaswa kukaa kwenye kile kiti cha hoteli ni mimi. Yeye alikikalia kwa sababu ya mabuti yangu.

Lakini kilichonimaliza ni kikoba chetu. Tuko wanawake ishirini na wachache, tunakutana kila Jumapili baada ya ibada kuweka akiba na kukopeshana. Mwenyekiti akasikia nesi ni mwanahisa, akamwomba atufundishe. Nikakaa kwenye benchi la nyuma. Nesi akasimama mbele, akaniangalia kidogo kama anayeomba ruhusa, kisha akaanza.

"Mama zangu, hisa ni kama ng'ombe. Gawio ni maziwa. Ukitaka maziwa kila mwaka, usichinje ng'ombe kwa sababu ya njaa ya siku moja."

Wakampigia makofi. Maneno yangu! Mtu wa Bukoba, zinakotoka ndizi, anawafundisha Wakurya habari za ng'ombe, na Wakurya wanapiga makofi. Jirani yangu wa benchi, muuza dagaa, akanigeukia.

"Na wewe mama mabuti, ungemfuata huyu ungekuwa mbali. Umezeeka na mabuti tu."

Nilicheka. Sijui niliutoa wapi ule mcheko. Nilikuwa nimemfunga mdomo nesi asinitaje, sasa siwezi kumlaumu kwamba hakunitaja. Nilifika nyumbani nikamgombeza mume wangu kwa kuacha viatu mlangoni.

Ndipo ukaja mwaka wa dola kuadimika. Mafuta yalipanda, mabuti yalipanda, kila nikienda kwa muuzaji wa jumla nilikuta bei mpya. Waliokwenda Sirari, mpakani na Kenya, kununua bidhaa walirudi wanalalamika kwamba shilingi yetu haifui dafu. Watu wenye hisa wakaanza kuuza ili wapate fedha ya mkononi, na bei ya hisa za benki yetu ikashuka, ikashuka tena. Nesi alikuja dukani na uso umemwanguka, akanionyesha kwenye simu.

Na mimi nilifurahi. Ng'ombe wangu mwenyewe anaugua, nami nafurahi, kwa sababu anayemkamua amenyong'onyea. Jumapili iliyofuata nilimwuliza mbele ya kikoba kizima, "Nesi, maziwa yamekauka?" Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akainamisha kichwa. Angeweza kusema pale pale ng'ombe ni wa nani. Hakusema.

Jumatatu nikamfuata kwake, nikakataa kukaa.

"Uza. Zote."

"Dada, tuvumilie kidogo. Bei itarudi, benki haijaanguka, ni watu tu wana hofu. Halafu baada ya wiki tatu wanafunga daftari la wanahisa. Ukiuza kabla ya hapo, gawio la mwaka huu linakwenda kwa aliyenunua."

Alikuwa anasema kweli tupu, na mimi nilijua. Lakini sikio langu lilishika neno moja tu, gawio. Nikaona tangi la pili. Nikaona anasafiri tena Dar es Salaam.

"Ndiyo maana unanizuia," nikasema. "Unataka ukamue mara ya mwisho."

Machozi yalimlenga. Akasema kama ni hivyo, gawio la mwaka huu nichukue mimi lote, yeye hataki hata senti, ila nisiuze wakati huu. Mtu mwenye akili angekaa chini na kunywa chai. Mimi nikasema uza.

Akauza. Baada ya siku chache akanipigia, akauliza fedha aniletee mkononi au aitume.

"Tuma kwenye simu. Sasa hivi." Nilikuwa na hasira bado, na nilitaka fedha yote itoke kwake bila yeye kuigusa tena.

Simu ilikuwa kwenye chaji, sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia ujumbe unaingia, nikasikia kiti kinasukumwa, kisha mume wangu akasimama mlangoni na simu mkononi, anacheka kama siku ya harusi yetu.

"Mama watoto, hii fedha yote imetoka wapi? Kumbe Mungu yupo! Maji yamejaa duarani, tumekwama wiki mbili kwa kukosa pampu."

Sikuiba kwa mtu, lakini nilishindwa kusema imetoka wapi. Kusema ilikuwa kumwambia nimemficha miaka yote hiyo. Nikasema ni kikoba, tumegawana. Akanishika bega, akasema mke kama mimi hayupo Tarime nzima. Kesho yake pampu ikanunuliwa. Wanasema hasira hasara, ila hawajasema wivu unakula kiasi gani.

Ilivuta maji vizuri sana ile pampu. Chini yake hapakuwa na kitu, ni mwamba mtupu.

Zile wiki tatu zilipotimia daftari likafungwa, na benki ikalipa gawio kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Bei ikaanza kupanda, taratibu, kisha haraka. Nilizifuatilia redioni kila jioni, hisa ambazo sikuwa nazo. Nesi akapata gawio lake. Ndiyo, alikuwa na zake kidogo, alizonunua kwa maziwa aliyoyabakiza. Mimi ndiye niliyemwambia ale amalize, yeye akaweka akiba.

Hakuja kujisifu. Alikuja dukani Nyamongo baada ya miezi mingi, siku aliyokuwa kwenye chanjo za watoto huku. Alitaka mabuti ya kuingilia shambani, maana amekodi robo ekari. Tukasalimiana kama watu waliokutana msibani. Akageuzageuza buti moja mkononi kwa muda, kisha akauliza bila hasira yoyote.

"Dada, niambie ukweli. Uliuza kwa sababu gani hasa? Dola?"

"Wivu," nikasema.

Aliniangalia kweli kweli, kama anavyoangalia mgonjwa aliyetaja maumivu mahali ambapo hapaumi.

"Wivu wa nini, dada, na mali ilikuwa yako?"

Nikamwuliza anavaa namba ngapi.