Picha ya Baba Kwenye Mawe ya Watu

Kwenye ghala la mahindi la kaka yangu, pale Kasense, imetundikwa picha ya marehemu baba. Iko ukutani nyuma ya mizani, ndani ya fremu ya kioo, na wateja huisifu. Baba amesimama kati ya kuta za mawe, mkono ameuweka juu ya jiwe, anacheka. Mimi nikienda pale nageuza shingo.

Ilipigwa enzi za ruksa, wakati kila aliyeweza kununua mahindi ya mkulima na kuyafikisha mbali alijiita mfanyabiashara. Kaka alianza na baiskeli, akaja kuwa na pikapu. Sisi wengine, mbolea ilipopanda bei, tulirudi kufukia majani kwenye matuta kama bibi zetu, yeye akazidi kunenepa. Simwonei wivu. Au namwonea, lakini kinachoniuma si hicho.

Kiangazi kimoja alikuja nyumbani Malangali akasema anampeleka baba kaskazini akaone nchi kabla hajafa. Alisema hivyohivyo, mbele yake. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, niko likizo, sina mume, nikaambiwa nijiandae. Nilifurahi sana, mpaka nilipoelewa kwamba nilitakiwa kumfulia baba na kumkorogea uji wa ulezi.

Tulipita Mpanda tukaingia Tabora. Huko tuliona nyumba za kale za wafanyabiashara wa pembe na watumwa, tukaona na boma la Wajerumani. Kaka alijitanua mbele ya kila jengo utadhani amelijenga yeye. Baba aliuliza tu udongo wake ulichimbwa wapi. Ngorongoro tulisimama ukingoni, ukungu ukafunguka, nikaliona shimo lote lile na nyati wadogo kama siafu. Nililia, wala sioni aibu kusema. Baba alitazama, akakohoa.

"Hata kwetu ukisimama juu ya mlima Lyambaliamfipa unaona bonde," akasema. "Tena letu lina mamba."

Kaka alinuna siku nzima.

Baba alichangamka Engaruka. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna magofu ya vijiji na mashamba ya mawe, ya watu ambao hakuna anayejua vizuri walikwenda wapi. Baba alikuwa amechoka, akakaa juu ya ukuta mmoja. Mlinzi, mama wa makamo, akaja mbio.

"Shikamoo baba. Samahani, hapo hapakaliwi. Hayo mawe ni kumbukumbu."

"Marahaba, mama. Nisamehe." Akanyanyuka haraka, kisha akaanza kumhoji. Nani amemweka pale? Je, mtu akitaka kujengea nyumba mawe yale? Atakamatwa, mama akasema. Baba akacheka kwa furaha.

Maana na sisi tulikuwa na gofu letu. Shambani kwa baba, Kasense, lilisimama ilungu, tanuri refu la udongo ambalo babu alilitumia kuyeyushia chuma. Halikuwashwa tena tangu majembe ya dukani yalipozagaa, lakini kila mwaka baba aliling'olea vichaka vilivyoota ndani yake. Chini ya sakafu yake babu alizika dawa, kama wayeyusha chuma walivyofanya, na dawa hiyo haiguswi na mtu ila wa ukoo, tena kwa maneno yake maalumu. Baba hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini dawa ile aliiheshimu.

"Mwanangu," aliniambia, mkono juu ya jiwe, "kumbe vitu hivi vinalindwa! Tukirudi nalizungushia wigo la kwetu. Wewe utaleta watoto wako wa shule walione."

Hapo ndipo kaka alipopiga picha.

Njia nzima ya kurudi baba alizungumzia wigo tu: apande minyaa, au achimbie nguzo za mkaratusi? Kaka aliongeza sauti ya redio. Nikadhani ni uchovu.

Hakutupeleka Malangali. Alinyoosha hadi Kasense, na pale shambani zilikuwa zimesimama kuta mpya za matofali, zimefika usawa wa madirisha. Ilungu halikuwapo. Mafundi wake walilibomoa tulipokuwa safarini, wakalifanya kifusi cha sakafu.

"Baba, nilitaka kukushtukiza," kaka akasema. "Hapa ni karibu na barabara, lori linaingia bila shida. Ile kitu ilikaa bure tu."

"Dawa mmeitoa?"

"Dawa gani tena, mzee?"

Baba alivua viatu, akasimama nje ya pale palipoachwa nafasi ya mlango. Hakuingia siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika.

Angekuwa nyumbani, angelala chini mbele ya sururu, na kaka alilijua hilo. Ndiyo maana tulipelekwa kutembea. Leo nikisema, naambiwa nina kinyongo, eti hakuna mzee wa rika lake hapa aliyepata safari kama ile. Ni kweli, hakuna. Na picha ya ilungu pia hakuna, kwani nani angepiga picha kitu kilichopo shambani kwake kila siku?

Juzi mteja mmoja kutoka Kizwite aliuliza mzee anacheka nini pale ukutani.

"Alifurahia safari," kaka akajibu, huku akipanga mawe ya mizani.

Mimi nilikuwepo ilipopigwa. Baba alikuwa anafikiria wigo.