Siku Niliyomtajia Bibi

Baba aliniudhi kwa nchi ambayo sijawahi kuiona. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda, miaka michache baada ya wazazi wangu kuikimbia Burundi, na kila tulipopalilia mahindi alinisimulia ya kwao: wafalme waliozikwa milimani, ngoma zao zilizokuwa na nyumba na watunzaji wake. Mimi nilichojua ni jembe na muhogo. Siku moja nikamwambia nimechoka kuhadithiwa, nataka nikaone mwenyewe.

Mwaka huo kule kulikuwa kumetulia, na mchuuzi wa dagaa aliyezoea kuvuka mpaka alituletea barua ya bibi, mama yake baba, ambaye tulidhani alishakufa. Macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka amwone mjukuu wake kabla hayajazimika kabisa. Nilipanga safari siku hiyohiyo: treni hadi Kaliua, nyingine hadi Kigoma, halafu magari na miguu mpaka kilimani kwake. Kwa kiherehere changu nikamjibu nikimtajia siku, Jumapili ya kwanza baada ya mavuno. Baba alinionya kwamba kwao siku ya kufika haitajwi mpaka uwe umeshika njia, maana mwenyeji atapika pombe ya kukupokea. Nikamcheka.

Kutoka makazini tu kulihitaji kibali, hata kwenda Mpanda mjini. Hicho nilikipata, nikaenda ofisi ya wakimbizi mjini kuomba cha kwenda Burundi.

"Kijana, mkimbizi haendi kutembea kule alikokimbia," karani alisema. "Kama unarudi, rudi moja kwa moja. Jina tunalifuta, shamba anapewa mwingine."

Nikamweleza kwamba mimi sikukimbia popote, nimezaliwa hapahapa. Akasema nije Jumatatu. Jumatatu mkubwa wake alikuwa safarini. Wiki iliyofuata fomu zimekwisha. Njoo kesho, njoo keshokutwa, nami juu ya baiskeli ya kuazima, vumbi mpaka kwenye meno, nikafikia hatua ya kumchukia hata mwenye baiskeli. Jumapili yangu ikapita nikiwa kanisani, nimenuna, siitikii wimbo.

Barua ya bibi ikaja. Alikuwa amevundika ndizi, akakamua, akapika pombe, akaalika kilima kizima. Watu walikaa na mirija yao kukizunguka chungu, wakimsubiri mgeni avute kwanza. Jua likazama, wakanywa, wakaenda zao. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Alisema atapika nyingine, nitaje tu siku.

Kibali kilitoka mwishowe, kina muhuri na sahihi mbili. Nikajiona nimeshinda. Kwa kuwa safari hii karatasi ilikuwa mkononi, nikamwandikia tena nikitaja siku, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na mchuuzi akaondoka na barua.

Kabla sijapanda treni, redio ikatangaza kwamba rais wa kule ameuawa na watu wanakimbia. Nilikasirika kama mtoto, nikaipiga teke ndoo ya mama ikapasuka. Baba akaizima redio.

"Mwandikie asipike," akaniambia.

Niliandika palepale. Mchuuzi alikuwa amerudi. Ile ya kutaja Alhamisi aliifikisha, lakini hii aliikataa, akasema havuki tena.

Alhamisi ikafika, tukashinda shambani. Kama bibi alikuwa hai siku ile, alipika.