Mama mkwe alibomoa ukuta wangu wa mto bila kugusa jiwe

Wakuu, salamu. Hii sikusimuliwa na mtu. Ni yangu, na walioiona wako hai.

1973, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na shule ikaishia hapo. Niliwabebea mafundi mawe mpaka nikawa fundi. Cheti sina. Nyumba nilizojenga zimesimama.

Baadaye nilinunua shamba huku karibu na Sondu, kando ya kijito. Nikajenga ukuta wa mawe na simiti kukata kijito. Maji yakasimama, nikaweka pampu, nikamwagilia sukuma na nyanya.

Ukuta mzuri sana. Hata leo nasema.

Shida ilikuwa ningu. Huyu samaki mvua ikianza hutoka ziwani, hupanda mto kutaga mayai. Akifika kwangu anagonga kichwa. Watu wa juu wakakosa samaki. Na huko juu ndiko nilikooa, kwao bibi yangu.

Vijana wa mazingira walikuja na ramani. "Mzee, samaki wanahitaji njia." Nikawaambia wapite lami kama wengine.

Chifu alikuja, akanywa chai, akaenda.

Halafu akaja mama mkwe.

Kwa wasio Wajaluo: mama mkwe humkaribii, humpazii sauti, hata kula mbele yake huli. Mama akaweka kiti kando ya pampu, akakaa. Mimi na pampu tukaachana.

Nikamtuma bibi. "Mwambie mama aende kivulini."

"Mwambie wewe. Si ukuta ni wako?"

Mama akaongea na maji, kwa sauti: "Mkwe wangu tajiri. Anataka nizikwe na samaki wa barafu wa China tumboni."

Kesho yake akarudi. Kila siku akarudi. Sukuma ikaanza kunyauka.

Nikatuma bibi tena: je, nikitoboa shimo kidogo?

Jibu: "Ningu si panya."

Nikachukua nyundo. Nilibomoa mwenyewe, sitaki fundi mwingine aguse kazi yangu. Wale vijana wakanionyesha kupanga mawe ili maji yashuke polepole, samaki apande. Pampu nikahamishia kisima nilichochimba kando. Inakula petroli zaidi.

Mvua ikaja, ningu wakapita wakisukumana. Mama alikula. Sikumwona, lakini niliambiwa alinyonya hadi kichwa.

Funzo: kabla ya kuziba mto, uliza nani anakaa juu yako. Mwenye ukuta kama wangu aseme hapa alifanyaje. Mwenye matusi pia aandike, nimezoea.

Leo nina nyumba ya mawe, ng'ombe wanne, kisima, pampu, bibi mmoja. Ukuta sina. Mama mkwe ninaye.