Mashini ya Sebuleni

Bitondo alikuwa amefura. Wiki nzima alitaka kompyuta yake moja ya mezani ijigawe ndani iwe tatu, shule, redio na zahanati za mji wa Baraka zipate kila moja yake, na programu ya kuigawa ilimjibu vilevile: mashini ya nyumbani haitambuliki. Haitambuliki na nani, imbwa hii! Akabadilisha kadi ya mtandao, akailazimisha programu, ikakubali. Kesho yake, akiwa ofisini anaitumia kwa mtandao, mashini ikazimika. Akawatukana waliotengeneza programu ile njia nzima mpaka nyumbani. Sebuleni akakuta mashini ni ya moto kama sufuria, imefunikwa kitambaa kizito cha kufuma, matundu yote ya hewa yamezibwa.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mi," mama yake akajibu, naye amekasirika. "We uliihangaikia hivi, halafu uiache uchi bageni baione?"