Muundi wa Jumapili

Fundi wa malori aliyestaafu hakuwahi kuiogopa injini yoyote, lakini sufuria ya nyama ilikuwa imemshinda mara mbili. Jumapili hii ilikuwa ya tatu, na moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Tangu mkewe ang'olewe meno yote mwezi uliopita, kila mara watoto na wajukuu walipokuja kula, mama huyo alibaki jikoni na bakuli lake la uji, akidai ameshiba kwa kuonjaonja. Uongo mtupu, na fundi aliujua. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka vikombe vinatikisika mezani, leo anakula ameelekea ukutani! Jambo hilo lilimuuma kuliko mgongo wake mbovu. Akaapa kwamba atapika nyama ambayo fizi zinaimudu, na mama atarudi kwenye kiti chake.

Mara ya kwanza alinunua sarara, nyama laini ya mgongoni, akaichemsha kwa saa tatu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kilicho laini kikipikwa sana kitazidi ulaini. Ikatoka kavu, inasagika mdomoni kama maranda. Mara ya pili akachukua nyama ya mguu na kuiwashia moto wa kulegezea nati yenye kutu. Ikajikunja, ikawa raba. Mama aliimumunya kwa adabu, akaitema kwenye kitambaa, akamshukuru. Ni ile shukrani iliyomchoma.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo Jumamosi alikwenda bucha akaungama yote. Mwenye bucha, mama mmoja mwenye mikono minene na maneno machache, alicheka kwanza mpaka akaweka kisu chini. Kisha akaupiga kofi mguu wa ng'ombe uliokuwa ukining'inia.

“Msuli huu umefanya kazi tangu ndama, fundi, umejaa kano. Ukiutia moto mkali unakaza. Upe maji kidogo, moto mdogo na muda, utalegea wenyewe. Ile sarara ilikuwa inabebwa tu. Ipitishe motoni, uitoe.”

Fundi alielewa papo hapo, maana alijua vizuri kazi inakifanya nini chuma. Alitoka na kilo mbili za muundi, nyama ya mguu chini ya goti, mfupa ukiwa ndani, akitembea haraka kama mtu aliyeiba.

Jumapili saa mbili asubuhi alivipangusa vipande kwa kitambaa, akavikaanga vichache vichache mpaka vikapata rangi ya kahawia. Akatia vitunguu, tangawizi, nyanya, na maji ya kufikia nusu ya nyama. Akafunika. Akapunguza moto mpaka mchuzi ukawa unatoa kiputo kimoja kimoja.

Kazi ilikuwa kuitawala mikono. Mtu aliyefungua boneti za magari maisha yake yote atawezaje kuona kifuniko akakiacha? Saa tatu alifunua. Saa tatu na robo alifunua tena, akanyoosha mkono aongeze moto.

“Funika, mzee wangu,” sauti ya mkewe ikatoka chumbani. “Na moto uache hapohapo.”

Akafunika. Akaikalia mikono yake. Saa tano uma ulikwama kwenye nyama, akatokwa na jasho. Wageni walikuwa njiani! Hata hivyo akapiga moyo konde, hakugusa moto. Saa saba kasorobo alichomeka uma tena, ukazama bila kusukumwa, na nyama ikauachia mfupa yenyewe. Mzee mzima akaruka jikoni na goti lake bovu.

Watu walipokaa, aliweka sahani ya mama mbele ya kiti cha mama mwenyewe. Mama alisimama mlangoni na bakuli la uji. Hakuna aliyembembeleza. Fundi alimpokea bakuli tu, akalirudisha jikoni, na mama, mikono ikiwa mitupu, akakaa.

Alitia kipande kinywani, akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha kiganja kikashuka polepole.

“Huu ni muundi,” akasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa.

“Miaka thelathini na minane nimekupikia muundi. Na kila Jumapili ulikuja kufunua sufuria, ukiniuliza nyama yangu ina nini mbona haiivi.”

Hapo mama akacheka. Alicheka mdomo wazi, fizi zote nje mbele ya wakwe na wajukuu, mpaka vikombe vikatikisika mezani. Fundi alicheka naye huku akijifuta macho. Mama akamsogezea sahani aongezewe, na uji ukapoa jikoni.