Mbuzi wa Shukrani, Majengo

Tangu niolewe na mwinjilisti nimeishi nyumba nyingi za kupanga, na zingine nimeshasahau hata rangi ya mlango. Ile ya Majengo, mjini Meru, ndiyo isiyoniruhusu nisahau. Vyumba viwili, bomba la maji uani, upande mmoja chumba cha mwenye nyumba, tuliyemwita Bibi, na nyuma ya ukuta bucha ya kaka yake. Shoka likigonga gogo la nyama asubuhi, nilijua maji ya chai yanapaswa kuwa yamechemka.

Kanisa letu la Kibugu, kule Embu kwenye majani chai, lilikuwa limetutuma tuhubiri kati ya Waislamu. Kwa kweli kazi ilikuwa ndogo kuliko jina lake. Mume wangu alitembelea wagonjwa hospitalini, mimi nilishona sare za shule, na tulisalimiana na watu. Hakuna aliyeokoka. Wenye nyumba watatu walikuwa wametukataa waliposikia tumekuja kufanya nini. Bibi alitupokea, ingawa kaka yake alimwambia tukisikia, "Unawakodishia watu waliokuja kukuibia wajukuu?"

"Wakiiba nitajua pa kuwatafuta," Bibi akajibu. "Wako uani kwangu."

Basi wazee wa Kibugu wakaamua kumtuma mmoja wao na akina mama wa ushirika waje kuona kazi, na wamletee Bibi mbuzi wa shukrani kwa kutupa makao. Bibi alifurahi mpaka akaalika kaka yake na majirani waje kula baada ya swala ya alasiri. Alinipa sufuria yake kubwa, ile ya pilau ya Idi.

"Nimewaambia wewe unazijua desturi zetu," akasema. "Usiniaibishe, mwanangu."

Tulipatana kwamba kaka yake atachinja, kisha mimi nipike. Mume wangu alimweleza mzee huyo wa kanisa kwa simu, naye akaitikia ndiyo, ndiyo.

Jumamosi hiyo nilitoka kwenda sokoni kutafuta vitunguu na dania. Mume wangu naye alikwenda steji kuwapokea akina mama wa ushirika, kwa hiyo mzee alipofika na mbuzi hakumkuta mtu yeyote. Niliporudi sikusikia mbuzi akilia. Nilizunguka nyuma ya bafu nikamkuta mzee amekunja mikono ya shati, ngozi imetandazwa kwenye nyasi, na mbavu na maini tayari ndani ya sufuria ya Bibi.

"Mzee, nani amechinja?"

"Nani tena, mama? Mimi. Mbuzi wa shukrani hapelekwi bucha kama mbuzi wa wizi. Anayemtoa ndiye anayemchinja."

Nikainama nikatazama kichwa kilichokuwa kando. Koo halikuwa na alama ya kisu. Alikuwa amemziba pumzi kwanza, akamtenga kichwa baada ya kufa, kama wazee wa kwetu wanavyofanya ili damu ibaki ndani na nyama iwe na ladha. Baba yangu alifanya hivyohivyo, na nilikula nikashiba. Lakini kwa Bibi hiyo haikuwa nyama. Ilikuwa mzoga.

Mume wangu aliingia na akina mama wale, akaniona uso. Nilimvuta kando. Alitazama sufuria.

"Ikishaiva na vitunguu, nani atajua?" mzee akasema. "Mungu alishavitakasa vyote."

"Kwetu sisi, mzee. Hakutuambia tumlishe jirani kwa siri," nikamjibu.

"Mama, punguza sauti," mzee akasema.

"Tukisema," mume wangu akanong'ona, "kaka yake atatutoa leo leo. Hilo ndilo alilokuwa akingoja."

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba Bibi angeweka mkono wake kwanza kwenye sinia, mbele ya ndugu zake, kuwaonyesha kwamba chakula chetu ni salama.

Hapo sauti ya kaka yake Bibi ikaja juu ya ukuta. "Padri! Nimenoa kisu tangu asubuhi. Mbuzi yuko wapi, au mmeshambatiza?"

Mimi nikavuka ua.

Bibi alikuwa akitandika mikeka. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu ningekaa chini ningelia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkeka mmoja bado umekunjwa mkononi.

"Sufuria yangu?"

"Nyama iko ndani, Bibi."

"Mmeibandika?"

"Bado."

Alijitanda leso, akatoka. Kaka yake alikuwa ameshazunguka, yuko uani, anamnyoshea kidole mzee wa Kibugu. "Si nilikuambia? Si nilikuambia watu hawa watatulisha mzoga?" akamwambia dada yake.

"Hawajatulisha," Bibi akasema.

"Nani kakuambia habari yenyewe?"

"Huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Kaja mwenyewe."

Kaka yake alinitazama muda mrefu, hata nikaona jasho la mume wangu likidondoka kutoka kidevuni. Halafu akageuka akaenda zake. Tulisikia shoka likigonga gogo, tena na tena, na akina mama wetu wakaanza kuokota vikapu vyao. Akarudi na nyama ya ng'ombe kwenye karatasi, akanipa mkononi.

"Pika. Sufuria nyingine. Na huyo mzee wenu akishika kisu tena hapa uani, nitamsilimisha."

Wageni walikula. Bibi aliweka mkono wa kwanza. Mzee wa kanisa hakugusa chakula. Alimfunga mbuzi wake kwenye gunia akarudi naye Kibugu, na kwetu hakuna aibu inayopita hiyo, mtu kurudi nyumbani na zawadi aliyopeleka. Huko alieleza kwamba shukrani ya kanisa ilitupwa, na mke wa mwinjilisti ndiye aliyeitupa. Kabla mvua za vuli hazijakatika tuliitwa nyumbani. Hatukufukuzwa na Majengo, tuliondolewa na watu wetu.

Ile sufuria Bibi aliisugua mwenyewe bombani, kwa mchanga na majivu, akaimwagia maji, akairudia. Siku ya kuhama, kaka yake alisaidia kupakia kitanda kwenye pikapu, naye Bibi akaja na sufuria ile akaiweka juu ya godoro. Sikumuuliza kama ni zawadi au kama hangeweza tena kuipikia pilau.

Tumehama mara nne tangu wakati huo, Maua, kisha Nkubu, kisha kwingine kuwili, na kila mara ndiyo ninayoipakia kwanza. Mwaka jana nilipita Meru nikabisha mlango wake. Alinitambua kwa sauti.

"Sufuria ipo?"

"Ipo, Bibi."

"Unaipikia?"

"Kila Jumapili."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaita juu ya ukuta tuletewe nyama, kisha akanionyesha mahali pa kukaa.