Ngozi Niliyoivisha Bunduki ya Mzee

Bunduki ilivunjika siku ile ile mzee wangu, baba watoto, alipoanguka. Alikuwa anarudi kutoka kunywesha ngamia kisimani, huko upande wa Ijara tulikokuwa tunaishi, bunduki begani kama miaka yote. Upande wake wa kulia ukamwacha pale pale. Akaanguka nayo chini yake, na mti wa bunduki ukapasuka pale pembamba panaposhikwa na mkono. Watu wakamwinua yeye. Bunduki nikaibeba mimi.

Haikuwa yetu, nataka hilo lieleweke. Ilikuwa ya serikali. Mzee alikuwa polisi wa akiba, wale wanaopewa bunduki walinde mifugo ya watu. Ilikuwa bunduki ya zamani sana, ya vita vya Wazungu, ile ya kuvuta bolti kwa mkono kila risasi moja. Vijana wa leo wanaicheka. Yeye aliweka kidole gumba kwenye wino siku aliyoipokea, tukiwa na mtoto mmoja tu, na sikuwahi kumsikia akiiita yake.

Miezi kadhaa baadaye likaja tangazo: wazee wote wa akiba warudishe bunduki za zamani kituoni. Wangu alikuwa wa kulala kwenye mkeka, mkono wa kulia umekufa, mdomo umeenda upande. Mwanetu mkubwa akasema ataipeleka yeye. Baba yake akakataa. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini haya niliyaelewa.

"Nilipewa nzima. Nitarudisha nzima. Mimi mwenyewe."

Basi nikaitengeneza. Yeye alikuwa amebaki na mkono mmoja, mimi ninayo miwili. Kabla ya siku ile ya kisima sikuwa nimeigusa bunduki hiyo hata mara moja, kwa sababu siipendi. Hata leo siipendi.

Mwanetu alitoa risasi akazifunga kwenye kitambaa. Mzee alijilaza ubavu, akawa ananielekeza kwa kidevu. Nikachomoa bolti. Kutu niliisugua kwa mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria. Kwenye mtutu nikapitisha kitambaa kwa kamba, kikatoka cheusi kama masizi, nikarudia na kurudia mpaka kikatoka cheupe. Fundi cherehani alinipa kijichupa cha mafuta yake kwa ajili ya chuma.

"Islaan," mzee akasema. Ndivyo alivyoniita, bibi kizee, hata nilipokuwa bado kijana. "Hiyo si sufuria ya pilau."

"Sufuria ya pilau ningekuwa nimeshamaliza, oday, mzee wangu. Hii uliipikia nini miaka yote hiyo?"

Akacheka kwa nusu ya uso. Nilikuwa sijaona hiyo nusu ikicheka tangu aanguke. Nikaongeza kusugua, ingawa palikuwa pameshatakata.

Ukabaki ule ufa wa mti. Seremala alisema atapiga misumari. Nikamwambia aende zake. Mimi nimeshona vyombo vya maziwa tangu nikiwa msichana, najua ngozi inavyofanya kazi. Nikachukua kipande cha ngozi mbichi ya ngamia, nikakiloweka siku mbili, nikakikwangua. Mti nikaupaka mafuta ya simsim, nikaubana vizuri, nikauzungushia ile ngozi ikiwa bado mbichi na kuishona kwa uzi wa kano. Ngozi ikikauka juani inabana kuliko kamba yoyote. Ili ishike zaidi sikuishia kwenye mti. Nikapanda nayo vidole viwili juu ya chuma.

Mzee alikuwa amelala nilipokuwa nashona. Ilipokauka nikamwekea mapajani. Akaijaribu, haikutikisika. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya ngozi, pale ilipofunika chuma, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu.

"Imeshika," akasema.

Mimi nilidhani anafurahi.

Siku ya kwenda alivaa koti lake la kijani juu ya kikoi, nikamnyoosha ndevu. Jirani alitupeleka kwa pikapu yake. Pale kituoni wazee walikuwa wamepanga foleni, na bunduki zao, wallahi, nyingine zilikuwa aibu tupu, zimefungwa kwa waya na vipande vya tairi. Yetu iling'aa. Mzee hakutaka kiti. Alisimama kaniegemea, bunduki kifuani kwa mkono wake mmoja, mpaka zamu yetu.

Askari mwenye kitabu alikuwa kijana wa bara, mwenye adabu. Akafungua bolti, akachungulia mtutu. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Mzee, hii ni kazi safi. Nani amekutengenezea?"

Mzee akanionyesha kwa kidevu. Akatabasamu, kwa ile nusu yake.

"Sawa, mama. Sasa namba yake iko wapi?"

Mimi sikusoma. Ile mikwaruzo kwenye chuma, pale nilipopandisha ngozi, niliiona wakati nikisugua kutu, na sikuijali.

Mzee alikuwa anaijua. Namba hiyo alikuwa nayo kichwani tangu ujana wake, akiisema kwa mkupuo kama jina la baba yake. Akafungua mdomo. Ikatoka ya kwanza. Ikatoka ya pili, na ya tatu. Ya nne ikakwama. Akaanza upya, ikakwama pale pale. Jasho likamtoka.

"Mzee wangu," askari akasema polepole, "siwezi kuandika nusu."

Akatoa kisu. Simlaumu, alifanya kazi yake. Akaipasua ngozi kwenye mshono, na mti ukaachia pale pale, kitako kikainama kama shingo ya mbuzi aliyechinjwa. Akaipangusa kutu iliyoletwa na ngozi yangu mbichi, akasoma namba, akaandika. Kisha akaandika neno moja pembeni. Bunduki ikaenda kwenye rundo.

"Umeandika nini hapo?" nikamuuliza.

"Mbovu, mama."

Ngozi ilianguka chini. Nikaiokota, nikaitia ndani ya shuka yangu.

Kwenye pikapu mzee aliuliza. "Ameandika nini?"

Sikuwa nimewahi kumdanganya mtu yule. Nilimtukana, nilimnunia, lakini kumdanganya, hapana.

"Ameandika nzima," nikasema.

Akanitazama. Akageuza uso barabarani. "Alhamdulillahi," akasema, na mvua za mwaka ule hazikumkuta.

Sasa nakaa mjini, mtaa wa Galbet, kwa binti yangu, na asubuhi naenda gumbaru, shule ya watu wazima, na wanawake wenzangu. Tulianza na namba. Nilipozijua zote nilitoa ile ngozi, nikaigeuza ndani. Chuma kilikuwa kimeiachia namba yake, imepinduka, rangi ya kutu. Nikazisoma moja moja kuanzia upande usiofaa. Tatu za kwanza ni zile alizosema. Zilizobaki nilizitamka mimi, kwa sauti, mpaka binti yangu akaja kuuliza naongea na nani.

Kufunga mti tu kungetosha. Ningeishia vidole viwili chini, namba ikabaki wazi.